Chupa za Profesa Beal: mbegu zilizokuwa na maji na hewa, lakini hazikuota

Tarehe 15 Aprili 2021, kabla ya mapambazuko, kikundi kidogo cha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Michigan State, mjini East Lansing nchini Marekani, kilifukua chupa iliyozikwa mwaka 1879. Walichimba gizani kwa makusudi, wakijimulikia kwa taa za kijani. Ndani ya chupa mlikuwa na mchanga na mbegu zipatazo elfu moja. Mbegu hizo zikapelekwa maabara, zikatandazwa juu ya udongo, zikapewa maji, joto na mwanga. Baada ya siku kadhaa miche ikaanza kutokeza, na hatimaye ikafika 20.

Kinachowashangaza watu katika habari hii ni kwamba mbegu iliishi miaka 141. Ni haki yao kushangaa. Lakini anayetaka kuelewa jinsi mbegu inavyoota atafaidika zaidi akiuliza swali la upande wa pili: mbegu hizi zilishindwaje kuota muda wote huo? Zilikuwa katika mchanga wenye unyevu. Hewa ilizifikia. Kila kiangazi udongo ulipata joto. Masharti matatu tuliyofundishwa darasani, yaani maji, hewa na joto la kutosha, yote yalikuwepo kwa namna moja au nyingine. Bado zilikaa kimya zaidi ya karne.

Beal alikuwa anatafuta nini

William James Beal, aliyezaliwa 1833, alikuwa profesa wa botania katika chuo hicho wakati kingali chuo cha kilimo. Swali lake lilikuwa la shambani kabisa: mkulima akiyapalilia magugu yake kila msimu asiache hata moja litoe mbegu, itachukua miaka mingapi akiba ya mbegu iliyomo ardhini iishe? Kila aliyeshika jembe anajua kwamba palizi ya leo haizuii magugu ya mwezi ujao. Beal alitaka idadi ya miaka.

Basi akakusanya mbegu mpya za aina zaidi ya 20 za mimea inayoota ovyo sehemu zile, 50 za kila aina, akazichanganya na mchanga wenye unyevu wa wastani uliochimbwa futi tatu chini, mahali pasipowahi kulimwa. Aliandaa mafungu 20 ya namna hiyo, kila fungu katika chupa yake. Chupa hazikuzibwa. Alizizika kwenye kilima cha mchanga, kina cha kama nusu mita, kila moja ikiwa imeinamishwa mdomo chini ili maji yasituame ndani. Mpango ulikuwa kufukua moja kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo jaribio lingeisha baada ya karne moja.

Halikuisha. Waliolirithi waliona mbegu zingali hai, wakarefusha kipindi: tangu 1920 ikawa kila baada ya miaka kumi, na tangu 1980 kila baada ya miaka ishirini. Chupa iliyopaswa kutoka 2020 ilichelewa mwaka mmoja kwa sababu ya janga la korona. Zimebaki nne ardhini, na ya mwisho imepangiwa mwaka 2100. Mahali zilipo ni siri inayoachiwa watu wachache katika kila kizazi, na hiyo ni busara, maana chuo kina wanafunzi maelfu na koleo haziuzwi ghali.

Maji: yalikuwepo, tena yalizama ndani

Mbegu kavu huwa na maji kidogo sana, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito wake. Katika hali hiyo karibu kila kazi ya uhai imesimama. Ikikutana na unyevu hufyonza kwa kasi na kuvimba. Hatua hii ya kwanza ni ya kifizikia tu. Hata mbegu iliyokufa huvimba. Wapo wanaoloweka mbegu, wakaziona zimevimba, wakafurahi wakidhani zimeanza kuota. Bado.

Hatua ya pili ndiyo yenye uamuzi. Ufyonzaji hupungua, karibu usimame, na kwa nje mbegu haionyeshi badiliko lolote. Ndani kuna pilikapilika. Upumuaji wa seli unarudi, tando za seli zilizoharibika wakati wa ukavu zinakarabatiwa, nakala za urithi zilizokatika zinaungwa, protini mpya zinatengenezwa. Mbegu isiyo na kizuizi hupita hatua hii kwa saa au siku chache, kisha kijimzizi kinatoboa ganda. Hapo ndipo wataalamu wa mbegu wanapohesabu kwamba imeota. Kinachofuata, yaani mche kuinuka na kutoa majani, ni ukuaji.

Mbegu iliyolala yaweza kufyonza maji, ikafika hatua ya pili, ikakwama humo miaka na miaka. Nadhani hapa ndipo ufunguo wa kisa chote ulipo. Mmea ulioshinda jaribio la Beal, yaani gugu lililodumu kuliko yote, Verbascum blattaria, una mbegu ndogo sana, urefu wake haufiki milimita moja. Katika mchanga ule wenye unyevu ni vigumu kuamini kwamba zilibaki kavu kwa miaka 141. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba zilikuwa zimelowa na zimelala.

Mtu atauliza: si zingeoza? Ghalani, unyevu huiua mbegu haraka. Watunzaji wa mbegu wana kanuni ya kukadiria kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa huongeza maisha ya mbegu maradufu, na kila nyuzi tano za joto zinazopunguzwa hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ghala la mbegu la Svalbard, visiwa vya Norwe, lililofunguliwa 2008, hupokea mbegu zilizokaushwa na kuzigandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini kanuni hiyo inahusu mbegu kavu kiasi, ambazo hazina maji ya kutosha kujikarabati. Unyevu wa ghalani ni wa katikati: unatosha kuharibu, hautoshi kurekebisha. Mbegu iliyolowa sawasawa, ikapata hewa na ikawa imezuiwa kuota, ina uwezo wa kujirekebisha kadiri inavyoharibika. Majaribio ya maabara yaliyofanywa kwa mbegu za letusi yalionyesha kwamba zilizohifadhiwa zikiwa zimelowa kabisa, bila kuruhusiwa kuota, zilidumu kuliko zilizohifadhiwa na unyevu wa hewa tu.

Hewa na joto

Kuhusu hewa sina mengi. Mbegu iliyoamka inahitaji oksijeni ili ichome akiba yake ya wanga au mafuta, na oksijeni hupenya majini polepole mno, kama mara elfu kumi polepole kuliko inavyopenya hewani. Ndiyo sababu kitalu kilichotuama maji huua mbegu zilizokuwa njema kabisa. Beal alilijua hilo, ndiyo maana akainamisha chupa na kuziacha bila kizibo. Kama angeziziba au kuzisimamisha wima, sidhani tungekuwa na kisa cha kuzungumzia.

Joto lina jambo moja la kuangaliwa. Juu ya ardhi, udongo hupata moto mchana na kupoa usiku, na tofauti hiyo yaweza kuwa kubwa. Kadiri unavyoshuka chini, mabadiliko ya mchana na usiku yanafifia. Kwenye kina cha nusu mita yamekwisha kabisa, yanabaki tu mabadiliko ya msimu. Mbegu za magugu mengi hutumia panda-shuka hiyo ya kila siku kupima kina zilichomo. Pasipo nayo, hubaki zimelala hata kama wastani wa joto unafaa. Kwa hiyo chupa za Beal zilikuwa na joto, lakini halikuwa joto la aina ambayo mbegu ndogo inaisubiri.

Giza

Tufike sasa kwenye zile taa za kijani.

Mwaka 1952, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, akiwamo Harry Borthwick na Sterling Hendricks, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa mbegu za letusi. Aina waliyotumia inaitwa Grand Rapids, jina la mji uliopo Michigan kwenyewe. Walizilowesha gizani, kisha wakazimulika kwa muda mfupi. Mwanga mwekundu, wa urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 660, uliziotesha. Mwanga mwekundu wa mbali, wa nanomita kama 730, ambao jicho letu halioni ila kwa shida, ulifuta kazi ya ule wa kwanza. Wakabadilisha kwa zamu: nyekundu, ya mbali, nyekundu, ya mbali. Mbegu zikafuata mmweko wa mwisho tu, hata mimweko iwe mingi kiasi gani. Ilikuwa swichi yenye kuwashwa na kuzimwa, na baadaye protini inayofanya kazi hiyo ilipewa jina fitokromu.

Swichi hiyo ina maana kubwa kwa mbegu ndogo. Mwanga hauingii udongoni zaidi ya milimita chache. Mbegu ya maharage ina akiba ya kuisukuma juu kutoka kina cha sentimita kadhaa, kwa hiyo haijali giza. Ndiyo inayotumiwa shuleni, na ndiyo maana wengi wetu tulitoka darasani tukiamini kwamba mwanga hauhusiki na kuota. Mbegu ya Verbascum haina akiba hiyo. Ikiota kwenye kina cha sentimita tano, mche wake utakufa kabla ya kuliona jua. Kwa hiyo isipopata mwanga, haianzi safari. Na si mwanga wowote: majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu na kupitisha ule wa mbali, hivyo mbegu iliyo juu ya ardhi lakini chini ya kivuli cha mimea mingine hupata habari kwamba nafasi imeshachukuliwa.

Mwanga ukishapokelewa, kinachofuata ni kazi ya homoni mbili zinazovutana. Asidi ya absisiki huishikilia mbegu isiamke. Jibereli huiamsha: hulainisha tishu zinazokizunguka kiinitete na kuamuru vimeng'enya vivunje akiba kuwa sukari. Fitokromu ikiwashwa, katika mimea iliyochunguzwa vizuri, utengenezaji wa jibereli hupanda na asidi ya absisiki hushuka. Wakati mwingine sekunde chache za mwanga zinatosha kuanzisha yote hayo.

Rudi sasa kwa wachimbaji wa 2021. Fitokromu huitikia mwanga wa kijani kwa udhaifu ukilinganisha na mwekundu, kwa hiyo taa za kijani ziliwawezesha kuona bila kuziamsha mbegu kabla ya wakati. Kama wangechimba mchana, mbegu zingepokea amri ya kuota zikiwa bado mkononi, na hesabu ya nini kiliziamsha ingevurugika.

Jambo hilohilo ndilo linalojibu malalamiko ya mkulima wa Beal. Jembe linapotifua udongo, linaleta juu mbegu zilizokuwa zimelala, linazimulika, linazirejeshea joto la mchana na baridi ya usiku, na wakati huohuo linaondoa mimea iliyokuwa inazitilia kivuli. Palizi yenyewe ndiyo inayopiga mbiu. Ujerumani walijaribu kulima usiku ili kupunguza magugu, na mwanzoni ilionekana kuna nafuu kubwa. Majaribio ya baadaye yalitoa majibu yanayopishana, kwa sababu si kila gugu linategemea mwanga, na mbegu zilizobaki karibu na uso wa ardhi huupata asubuhi hata hivyo.

Ambazo hazikudumu

Verbascum isitufanye tusahau zilizobaki njiani. Mchicha pori na tako la Hasani ziliota hata baada ya miaka 40, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kujaribu kuzimaliza. Baada ya miaka 80, mwaka 1960, zilikuwa zimebaki aina tatu tu zenye uhai: Rumex crispus, Oenothera biennis na Verbascum. Kisha Verbascum ikabaki karibu peke yake.

Zilizokosekana zilikufaje? Chupa haituambii. Huenda zilizeeka, huenda kuvu walizila, na huenda baadhi ziliota mlemle gizani, zikamaliza akiba na kuoza. Ardhini, hii njia ya mwisho huua mbegu nyingi za magugu kuliko watu wanavyodhani. Katika hesabu ya Beal, mbegu iliyokufa kwa uzee na iliyokufa kwa kuota pasipofaa zinaandikwa safu moja, na naona hilo ndilo pengo kubwa zaidi la jaribio lenyewe.

Kuna pia mbegu ambazo kwa asili yake haziwezi mchezo huu hata kidogo. Kokwa la embe, mbegu ya kakao, tunda la mwaloni: hizi zinaanguka zikiwa na maji mengi, hazivumilii kukauka, wala hazijui kulala kwa muda mrefu. Zinaota upesi au zinakufa. Ukizikuta zimenyauka, hakuna dawa ya kuzirudisha.

Malva moja

Mwaka 2000, chupa ya miaka 120 ilitoa miche 23 ya Verbascum blattaria. Pamoja nayo ilitoka Malva rotundifolia moja, baada ya mbegu kuwekwa baridini na kurudishwa kwenye joto. Malva ni jamii moja na bamia na pamba, na jamii hiyo inajulikana kwa maganda magumu yasiyopitisha maji. Mbegu ya namna hii hukaa kavu hata ikiwa imezungukwa na maji, mpaka ganda lipasuke kwa msuguano, kwa moto au kwa kupanuka na kusinyaa.

Yaani katika chupa moja, ndani ya mchanga uleule, mbegu mbili zilifikisha miaka 120 kwa njia zinazopingana. Moja ilikataa maji. Nyingine, kama tulivyoona, kwa uwezekano mkubwa iliyapokea ikakataa kuendelea. Mtu mwenye mbegu zisizoota anapaswa kujiuliza ana ya aina gani kabla ya kufanya lolote. Kukwaruza ganda au kumwagia maji ya moto kutaifaa jamii ya Malva na jamii nyingi za kunde. Kuifanyia Verbascum hivyo kutaiua, wakati ilichohitaji ni kutofukiwa. Na mbegu za mimea ya nchi zenye majira ya baridi mara nyingi hutaka kwanza wiki kadhaa za ubaridi na unyevu, kama nyuzi tano hivi, kabla hazijakubali kwamba masika yamefika. Mazao yetu mengi ya shambani hayana masharti haya kwa kuwa wakulima, kwa maelfu ya miaka, walipanda tena zile zilizoota kwa wakati mmoja na kuziacha zilizochelewa.

Uzito wa ushahidi

Kwa viwango vya leo jaribio hili lina kasoro. Kila tarehe ina chupa moja tu, hakuna ya kulinganisha nayo. Kioo kiliwazuia wadudu, minyoo na mizizi, ambao katika udongo wa kweli ni sehemu ya maisha na mauti ya mbegu. Kina kilikuwa kimoja. Mwaka 1902 mtafiti wa mbegu J. W. T. Duvel alianza jaribio jingine huko Arlington, Virginia, akizika aina 107 katika vyungu kwenye vina vitatu tofauti. Hilo lilikuwa pana zaidi, na lilionyesha kwamba kwa jumla mbegu za magugu hudumu ardhini kuliko za mazao. Lakini lilikoma baada ya miaka 39.

Hata mbegu zenyewe hazikuwa safi kama ilivyodhaniwa. Miche 20 ya 2021 ilipopimwa vinasaba, mmoja ulionekana kuwa chotara wa Verbascum blattaria na Verbascum thapsus. Kwa hiyo mwaka 1879, au kabla yake kidogo, nyuki au mdudu mwingine alibeba chavua kutoka aina moja hadi nyingine, na mbegu ya ndoa hiyo ikaingia katika mfuko wa profesa bila yeye kujua. Pia inamaanisha kwamba ile 50 ya kila aina, ambayo asilimia zote zinahesabiwa kutokana nayo, haina uhakika kamili kwa upande wa Verbascum.

Hili lina athari kwa yeyote anayetaka kusema kwamba mbegu sasa zinaelekea mwisho. Kutoka 23 mwaka 2000 hadi 20 mwaka 2021 kunaonekana kama kushuka. Lakini kwa sampuli ya mbegu 50, tofauti ya tatu ni ndani ya bahati nasibu. Ungeweza kuzika chupa mbili siku moja, ukazifukua siku moja, ukapata tofauti kubwa kuliko hiyo. Chupa ya 2040 ikitoa miche 15 au 18, bado itakuwa vigumu kusema kitu. Ikitoa mitatu, hapo ndipo kutakuwa na hoja, na watakaokuwapo watalazimika kuamua kama wajaribu kwanza mwanga peke yake, au baridi, au jibereli ya maabara, maana mbegu ikishaamshwa kwa njia moja haiwezi kujaribiwa kwa nyingine.